CD ina besi kuliko flashi? Hapana bwana!

Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima, na wengine mmeshaanza kuniulizia. Likizo nilikuwa nyumbani Vugiri, na mnaopajua kwetu mnaelewa: ukishapanda mlima kutoka Korogwe, mtandao ni wa kuvizia. Unashika ukisimama sehemu fulani tu, tena ukiwa umeinua simu juu kama unaiombea. Sasa nimerudi hosteli. Bumu halijaingia, ila sapu sina, kwa hiyo moyo wa kuandika ninao.

Leo nataka tuongee kuhusu ubishi mmoja ambao nimeukuta hapa chuoni, nimeukuta kwenye daladala, na likizo hii nikaukuta mpaka kwetu milimani. Ubishi wenyewe ni huu: ukichukua amplifaya ileile na spika zilezile, ukapiga wimbo uleule kutoka kwenye CD, halafu flashi, halafu simu, je, sauti inabadilika? Wapo wanaoapa kwamba CD ina besi nzito na flashi ni nyembamba. Wapo wanaosema simu ya bei mbaya inapiga mziki mtamu kuliko kitochi. Na kila mmoja anaapa kwa masikio yake mwenyewe.

Mtasema hayo ni maneno ya vijana wasio na kazi. Kwetu siyo hivyo, kuna hela ndani yake. Kikundi cha vijana wa kitongojini kwetu, wengi wao wachuma chai na wakulima wa ndizi na maharage, wana mziki wa kukodisha: amplifaya moja, spika mbili kubwa, maiki mbili na jenereta. Harusi, kipaimara, maulidi, mikutano, wote wanawaita wao. Wamechanga miaka miwili, wamefikisha laki saba na ushee. Sasa kuna fundi mmoja (simtaji, na mji wake siutaji) amewaambia wanunue deki la CD la kitaalamu, laki sita, eti kwa sababu "flashi haina besi". Wakati huohuo spika yao ya kushoto imepasuka, inakoroma kama mlevi aliyelala chali. Kikao cha kuamua ni mwisho wa mwezi huu.

Msimamo wangu nausema mapema ili msije mkasema nimezunguka mbuyu. Vifaa vikiwa vizima, vikisoma faili moja, na sauti ikiwekwa kiwango kimoja, masikio ya binadamu hayatofautishi CD na flashi na simu. Tofauti mnazosikia zipo, siwaiti waongo. Ila zinatoka kwingine kabisa, na hela inatakiwa iende huko kwingine.

Tuanze na namba, maana mziki wa dijitali ni namba tu. CD ilipoingia sokoni Japani Oktoba 1982, kazi ya Sony na Philips, ilipangwa hivi: kila sekunde wimbi la sauti linapimwa mara 44,100 kwa upande wa kushoto na mara 44,100 kwa upande wa kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa moja ya ngazi 65,536. Basi. Hakuna "utamu" ulioandikwa pale, hakuna "uzito". Ni orodha ndefu ya namba.

Sasa fikiria M-Pesa. Mtu akikutumia elfu kumi kutoka kwenye kitochi chenye mpira kiunoni, na mwingine akakutumia elfu kumi kutoka kwenye simu ya milioni, hizo elfu kumi zikifika zinatofautiana? Ya simu ya milioni inanunua chipsi nyingi zaidi? Haiwezekani. Namba ikifika, imefika. Ndivyo ilivyo kwa faili la mziki. Ukilihamisha kutoka laptopu kwenda flashi, kutoka flashi kwenda simu, namba ni zilezile mpaka ya mwisho.

"Aaah, lakini CD ikikwaruzika je?" Swali zuri. CD imetengenezwa na akiba ya kujisahihisha, kiasi kwamba mikwaruzo midogo inafidiwa na wewe hujui lolote. Mikwaruzo ikizidi, utajua mara moja: mziki unaruka, unakwama, unarudiarudia neno moja mpaka bibi harusi anacheka. Kasoro ya kusoma namba ndivyo inavyojitokeza. Haiji kwa upole ikapunguza besi kidogo na kuacha mengine salama.

Kuna hatua moja ambayo vifaa vinaweza kutofautiana, na hii lazima niiseme ili tuwe wakweli. Spika haielewi namba, inaelewa umeme. Kwa hiyo ndani ya kila kifaa kuna kijisehemu kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti. Cha deki ni kingine, cha simu ni kingine, cha pale kwenye tundu la flashi la amplifaya ni kingine. Vikipimwa kwa mashine vinatofautiana, ndiyo. Lakini kazi hii imeshakuwa rahisi sana, na tofauti kati ya vile vilivyo vizima ni ndogo kuliko sikio linavyoweza kunasa.

Basi mbona tunasikia tofauti? Hapa ndipo penyewe.

Sababu ya kwanza, na kubwa kuliko zote: kiwango cha sauti. Deki la CD kwa kawaida linatoa umeme wa kama volti 2. Simu nyingi kwenye tundu la hedifoni zinatoa volti 1 au chini ya hapo. Ukichomeka vyote viwili kwenye amplifaya moja na usiguse kitufe, CD itapiga kwa nguvu zaidi. Hilo kila mtu anakubali. Kinachosahaulika ni kwamba sikio letu halisikii besi sawasawa katika kila kiwango. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson wa maabara za Bell, waliligundua na kulichora: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwanza. Ukiongeza sauti, besi inarudi, ingawa wimbo ni uleule.

Mmenipata? Mtu anaposema "CD ina besi", sikio lake halijamdanganya. Kasikia besi kweli. Lakini hiyo besi imeletwa na kiwango, na simu ukiiongeza kidogo kwenye amplifaya, besi inakuja bila kulipia hata shilingi. Na ubaya ni kwamba tofauti ikiwa ndogo, tuseme desibeli moja hivi, mtu hasemi "hii ina sauti kubwa", anasema "hii ni safi zaidi". Wauzaji wa redio wanaijua siri hii. Ndiyo maana ile wanayotaka uinunue huwa imefunguliwa juu kidogo...

Sababu ya pili ni uchafu wa njiani. Simu ikiwa kwenye chaji huku imeunganishwa na amplifaya, mara nyingi unasikia mvumo au kelele nyembamba. Chomoa chaji, kelele inakwisha. Waya ukiwa umelegea, upande mmoja unapotea. Simu ikiwa imewashwa yale mambo ya "besi zaidi" au "ukumbi", inabadilisha mziki kabla haujatoka. Na ukirusha kwa Bluetooth, sauti inabanwa tena upya ndiyo isafiri hewani. Haya yote yanasikika, ila hayaponyeki kwa deki la laki sita. Yanaponyeka kwa waya mzuri na kuzima vikorombwezo.

Sababu ya tatu ni faili lenyewe, na hapa naomba msome taratibu.

Wimbo wa dakika 4 ukiwa kwenye CD ni kama megabaiti 42. Ukiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni chini ya megabaiti 4. Zile 38 zimeenda wapi? Zimetupwa. MP3 ni kazi ya Wajerumani, Karlheinz Brandenburg na wenzake, na jina la .mp3 lenyewe lilichaguliwa mwaka 1995. Ujanja wake ni kutupa kile ambacho sikio halingekisikia. Ukiwa sokoni Manundu, pale Korogwe, muuza nyanya akipiga kelele sikioni mwako, mnong'ono wa mtu aliye nyuma yake huusikii. Programu inaufuta huo mnong'ono. Brandenburg alitumia wimbo Tom's Diner wa Suzanne Vega kupimia ujanja huo, maana ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala, kasoro yoyote inajitokeza.

MP3 ikitengenezwa vizuri, kwa kilobiti za kutosha, kuitofautisha na CD ni kazi ngumu mno. Lakini ikibanwa kupita kiasi, kayamba na matoazi yanaanza kulia kama maji yanayochemka. Na ikibanwa mara mbili tatu ndiyo balaa. Mnajua desa? Desa la kwanza lililoandikwa kwa mkono linasomeka. Kopi yake inasomeka. Kopi ya kopi ya kopi, lile linalofika kwako usiku wa kuamkia mtihani, "alfa" na "a" hazitofautiani, na michoro imekuwa madoa. Ndivyo zilivyo nyimbo nyingi kwenye flashi zetu: mtu kazishusha YouTube, ambako tayari zilishabanwa, kazigeuza MP3, mwenzake kazibana tena ili zienee kwenye memori, halafu mjanja mmoja kazigeuza kuwa kilobiti 320 na kuziita "HQ". Kilichotupwa hakirudi, jamani! Ni sawa na kulitoa kopi lile desa la madoa kwenye karatasi ya bei mbaya.

Sasa niwape mfano wa nyumbani. Bibi yangu ana kaseti moja kwenye boksi la viatu. Ilirekodiwa kwa redio kaseti miaka ya 1980, akina mama wa kitongoji wanaimba nyimbo za mdumange kwenye harusi. Wengi wa walioimba wameshatangulia mbele za haki. Nakala za dijitali za kaseti hiyo zimezagaa kwenye ukoo, na likizo hii tulikaa na tatu kati ya hizo, tukizipiga kwenye amplifaya ya kikundi. Iliyo kwenye simu ya mjomba wangu ilikuwa safi, unasikia mpaka mtu anakohoa nyuma. Iliyo kwenye simu ya binamu ilikuwa kama watu wanaimba ndani ya ndoo. Iliyo kwenye flashi ilikuwa mbaya kuliko zote.

Wakaanza: "Unaona? Simu ya mjomba ndiyo mashine, flashi haifai." Mimi nikaomba tufanye jambo moja tu. Nikalihamisha faili la mjomba kwenye flashi, na la flashi kwenye simu ya mjomba. Tukapiga tena. Ghafla flashi ikawa safi, na simu ya mjomba ikawa ndoo! Ubora ulihama na faili. Tukaangalia ukubwa: kaseti ile ni dakika 30, na faili la mjomba, lililorekodiwa kwa waya moja kwa moja bila kubanwa, lilikuwa megabaiti 300 na kitu. La binamu lilikuwa megabaiti 7. La flashi lilirekodiwa kwa kuweka simu mbele ya redio, na kuku wamo.

Jioni ile nikakaa na mjomba, ambaye pia ndiye mweka hazina wa kikundi.

"Shikamoo mjomba. Hilo deki la laki sita litasoma nini?"

"Marahaba. Litasoma CD, mpwa wangu."

"CD za nyimbo za siku hizi mtazipata wapi?"

"Tutachoma wenyewe."

"Mtazichoma kutoka wapi?"

Akanyamaza kidogo, akasogeza kikombe cha chai. "Si kwenye flashi."

Hapo sikuongeza neno.

Najua kuna wasomi watakaoniambia kuna utafiti. Upo, tuutazame. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha majaribio yao. Walichukua mziki wa kiwango cha juu kuliko CD, wakaweka swichi ya kuupitisha kwenye kiwango cha CD au kuuacha ulivyo, wasikilizaji wakatakiwa kutambua. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Yaani nusu, sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alijumlisha majaribio 18 ya watu zaidi ya 400, akakuta kuna tofauti ndogo inayosikika: watu walipatia kama asilimia 52, na waliofundishwa kusikiliza walisogea mpaka kama asilimia 60. Kwa hiyo siwezi kusema "hakuna mtu yeyote duniani anayesikia chochote". Lakini angalia vizuri: hapo wanalinganisha kiwango cha CD na kilicho juu yake, katika vyumba vya utulivu. Sisi tunazungumzia harusi milimani, jenereta inanguruma, watoto wanapiga kelele, na spika moja imepasuka!

Anayebisha ajipime mwenyewe, haigharimu kitu. Chukua faili moja, liweke kwenye vifaa viwili, sawazisha sauti kwa makini (hiyo ndiyo kazi yenyewe, wengi wanairuka), halafu mwenzako akae nyuma ya pazia abadilishe bila kukuambia. Fanya mara kumi. Ukipata tano au sita, ulikuwa unabahatisha. Kupata nane na zaidi kwa bahati tu hutokea kama mara 5 au 6 katika majaribio 100. Kupata tisa na zaidi ni kama mara moja katika 100. Hapo nitakuvulia kofia.

Lakini sababu ya kuandika yote haya siyo kushinda ubishi. Ninaumia kuona tunabishana kuhusu mashine wakati kitu chenyewe kinaoza. Redio kaseti na kanda ndizo zilizobeba sauti za wazazi wetu. Nchi nzima ina mzigo huo: kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, zilizo mikononi mwa TBC, zina saa kwa saa za bendi, ngoma, taarabu na hotuba. Mkoa wetu wa Tanga peke yake ulitoa Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star na Lucky Star ya Shakila. Ukisikia wimbo mmoja wa bendi hizo kutoka sehemu mbili ukakuta unatofautiana, ujue mmoja ulitolewa kwenye kanda au santuri nzima na mwingine kwenye santuri iliyochakaa kwa sindano butu. Deki lako halihusiki.

Na kanda, tofauti na namba, inazeeka. Inanyonya unyevu, inaota ukungu, inapoteza sauti za juu kila ikipigwa. Kwetu Vugiri ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati. Kaseti ya bibi nayo haitasubiri mpaka tumalize kubishana.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikundi ni huu. Laki sita ya deki, acheni. Tengenezeni spika ya kushoto, maana hapo ndipo kila mtu ukumbini atasikia tofauti, hata kiziwi wa upande mmoja. Nunueni waya mbili nzuri. Tafuteni nyimbo kutoka chanzo safi badala ya kopi ya kopi. Kitakachobaki, nunueni hadi diski ya kuhifadhia, kisha pita nyumba kwa nyumba kukusanya kaseti za wazee. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa spiriti, chomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta, rekodi bila kubana, weka nakala mbili nyumba mbili tofauti. MP3 itolewe kwenye hiyo kwa ajili ya kugawa, na ile ya kwanza isiguswe. Tena kuna biashara hapo: nani asiyetaka sauti ya marehemu bibi yake ipigwe kwenye harusi ya mjukuu, ikiwa safi?

Sauti ya marehemu haina deki litakaloirudisha ikishapotea.

Kikao kikifika sitakuwepo, wiki hiyo nina tesiti mbili. Nimemwomba mjomba awasomee haya, naye amesema atayasoma "ikiwa siyo marefu". Samahani mjomba, yamekuwa marefu. Na nyinyi wa hosteli mnaoapa kwa CD zenu, pazia langu lipo na amplifaya ya jirani ipo. Atakayepata tisa kati ya kumi, soda juu yangu, bumu likiingia.

Naomba kuwasilisha.